Boksi Moja, Mistari Kumi na Miwili

Chukua kiberiti, kiweke mezani, ukizungushe mpaka uone pande zake tatu kwa pamoja: mgongo na mbavu mbili. Sasa kichore kwa kalamu ya wino, bila rula na bila kurudia mstari. Usikazane kipendeze. Mchoro huo tutauhitaji baadaye kidogo, hata kama umetoka umepinda. Na hasa kama umetoka umepinda.

Anayejifunza kuchora peke yake huwa na haraka ya kufika kwenye uso wa mama yake au simba wa Serengeti. Boksi analiona kazi ya darasa la tatu. Lakini kabati, redio, daladala na ghorofa ni maboksi yaliyoongezewa vitu, na hata kifua cha mtu wachoraji wengi hukianza kama boksi lililoinama kabla ya kukivika misuli. Isitoshe, boksi lina sifa ambayo uso wa mama hauna namna ya kuipata: linakagulika. Ukikosea uso, mmoja atasema unafanana, mwingine atasema haufanani, na nyote mtabaki mnabishana. Ukikosea boksi, rula itakuonyesha ni mstari upi.

Kwa hiyo msimamo wangu nautoa mapema. Kuchora boksi ni sehemu ndogo ya zoezi. Sehemu kubwa ni kulikagua, kisha kuchora jingine ukiwa unajua ulichokosea katika lile la kwanza. Aliyechora maboksi mia tatu bila kukagua hata moja amefanya mazoezi ya kosa lake, na sasa anakosea kwa haraka na kwa kujiamini.

Boksi lina pande 6, kona 8 na kingo 12. Kingo hizo 12 ni familia tatu za mistari minne minne: familia ya urefu, ya upana na ya kimo. Ukipima kiberiti chenyewe, mistari minne ya familia moja iko sambamba. Jicho haliioni hivyo. Kadiri mistari inavyokwenda mbali nawe ndivyo inavyokaribiana, na ukiirefusha vya kutosha kwenye karatasi itakutana mahali pamoja, kwenye nukta ya kutokomea. Familia tatu, nukta tatu. Hiyo ndiyo perspektivu. Yanayobaki ni matumizi yake.

Yupo atakayekumbuka kwamba shuleni alifundishwa nukta moja au mbili tu, juu ya mstari wa upeo wa macho. Hakudanganywa. Ukitazama mbele bila kuinamisha wala kuinua kichwa, mistari ya kimo hubaki wima na haikaribiani. Lakini kiberiti mezani unakitazama kwa kuinama, na jengo la ghorofa kumi ukiwa chini yake unalitazama kwa kuinua shingo, kwa hiyo hata kimo hubana: cha kiberiti hubana kuelekea chini, cha ghorofa kuelekea juu. Zoezi la maboksi huanza moja kwa moja na nukta tatu kwa sababu hiyo. Vitu tunavyovishika mkononi havikai vikatupangia upeo wa macho.

Ukitaka kuamini kwa macho yako kabla ya kutumia kanuni, tumia dirisha. Mbinu hii ni ya zamani. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra mwaka 965, alikwisha kueleza katika Kitab al-Manazir kwamba tunaona kwa mwanga unaotoka kwenye vitu na kusafiri kwa mistari iliyonyooka hadi jichoni. Mwanzoni mwa karne ya 15, mjini Florence, Filippo Brunelleschi alichora jengo la ubatizo la mji huo kwenye ubao, akautoboa tundu, na mtazamaji akachungulia kupitia tundu hilo kutoka nyuma ya ubao huku ameshika kioo cha kujitazamia mbele yake, ili aone picha ikiwa imekaa kama jengo lenyewe. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti aliziandika kanuni kitabuni na kuifananisha picha na dirisha lililo wazi, na mwaka 1525 Albrecht Dürer akachapisha michoro ya vyombo vya kazi hiyo, kikiwamo kimoja cha fremu na uzi uliovutwa kutoka ukutani. Hao watatu wa mwisho walikuwa wanafanya jambo moja: kukata mistari ya mwanga kwa karatasi iliyosimama kati ya jicho na kitu.

Wewe simama mbele ya kioo cha dirisha, fumba jicho moja, tuliza kichwa, kisha fuatisha kingo za nyumba ya jirani au gari lililoegeshwa kwa kalamu ya ubao mweupe, ile inayofutika. Dirisha lako likiwa na wavu wa mbu na nondo, kama madirisha yetu mengi, toa kioo kwenye fremu ya picha na ukisimamishe mezani, nyuma yake uweke boksi la viatu. Ukimaliza, weka rula juu ya mistari uliyoichora uirefushe. Ile inayokwenda mbali nawe itakutana. Halafu sogeza kichwa upana wa kiganja kimoja utazame tena: mchoro wote umekataa kuoana na boksi. Jambo hilo linastahili kukaa akilini kuliko kanuni yoyote, kwa sababu watu wengi huchora upande wa kushoto wa boksi wakiwa wameketi, na wa kulia wakiwa wameinuka kunywa chai.

Vifaa ni vichache. Kalamu ya wino ya kawaida ya kuandikia, karatasi nyeupe za kutolea fotokopi, kalamu tatu za rangi tofauti kwa ajili ya ukaguzi, na rula ambayo haitaguswa mpaka ukurasa uishe. Penseli iache kwa sasa. Ubaya wake ni raba, maana raba hufuta kosa kabla hujapata nafasi ya kulisoma.

Mkono nao una namna yake. Weka nukta mbili, mwanzo na mwisho wa mstari. Pitisha kalamu hewani kutoka moja hadi nyingine mara mbili tatu, bila kugusa karatasi, mpaka mkono uizoee njia. Kisha shusha kalamu na upite mara moja, bila kusitasita. Mstari mrefu uendeshe kwa bega, kifundo cha mkono kikitulia. Kifundo huchora upinde, hata ukikibembeleza. Mstari ulionyooka ukapitiliza nukta ni afadhali kuliko uliofika kwenye nukta ukitetemeka njia nzima. Na ukikosea, uache ulivyo. Ukiongeza wa pili juu yake, na wa tatu wa kuuombea radhi wa pili, utakuwa na mnyoo wenye manyoya badala ya ukingo, na rula haitajua ikague upi.

Sasa boksi lenyewe. Anza na kona iliyo karibu nawe zaidi, na kutoka hapo toa mistari mitatu kama herufi Y iliyozungushwa utakavyo. Kila mkono wa Y ni mwanzo wa familia moja. Kwa boksi lililo karibu na katikati ya unapotazama, kila pembe kati ya mikono hiyo izidi nyuzi 90. Pembe moja ikiwa finyu, boksi litaonekana limevutwa, kama vitu vya pembezoni kwenye picha iliyopigwa kwa lenzi pana.

Kutoka ncha ya kila mkono toa mistari miwili, mmoja mmoja kwa kila familia kati ya zile mbili nyingine. Mistari sita imeongezeka, imekutana kwenye kona tatu mpya, na sasa una mistari tisa na pande tatu zinazoonekana. Wengi huishia hapa. Usiishie. Kutoka kwenye zile kona tatu mpya chora mistari mitatu ya mwisho, ile ambayo kwenye kiberiti halisi imefichwa na karatasi. Inatakiwa ikutane kwenye kona moja ya nyuma. Chora kana kwamba boksi ni la kioo.

Kila unapotaka kuchora mstari, usiutazame mwenzake wa jirani peke yake. Fikiria wote wanne wa familia, hata ambao bado hujawachora, na ujiulize wanakwenda kukutania wapi. Ni kazi ya akili kuliko ya mkono, na mwanzoni inachosha. Atakayekuambia ni rahisi huenda hajawahi kuikagua.

Hapa kuna jambo dogo ambalo ni wachache hulibaini mapema. Katika kila familia, mistari miwili hukaa nje na miwili hukaa ndani. Ya ndani, mara nyingi, ni mkono wa Y na ule mstari uliofichika wa familia hiyohiyo, na hukaa karibu karibu. Kwa kuwa iko karibu, pembe kati yake ni ndogo sana, hivyo inakwenda kama vile iko sambamba. Ukishalijua hilo, mstari wa nyuma hauutungi tena kwa kubahatisha. Unauangalia mkono wa Y na kuuelekeza karibu vilevile, kisha unaupindisha kidogo tu kuelekea kwenye nukta. Mistari ya nje ndiyo inayobeba tofauti kubwa ya pembe.

Nukta ya kutokomea iwe mbali kiasi gani? Swali hili ndilo linalotenganisha kiberiti na kontena, ingawa kwa umbo ni ndugu. Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6 hivi. Simama mita 6 mbele ya mwisho wake mmoja: mwisho wa karibu uko mita 6 kutoka jichoni, wa mbali uko mita 12. Kwa hiyo kimo cha mbali kitaonekana nusu ya kimo cha karibu. Ukichora ukingo wa karibu sentimita 4, wa mbali ni sentimita 2. Kiberiti chenye urefu wa sentimita 5, ukikitazama kutoka sentimita 40, mwisho wake wa mbali uko sentimita 45. Ukingo wa karibu ukiwa sentimita 4, wa mbali ni kama sentimita 3.6. Tofauti hiyo jicho lisilozoea halioni, na ndiyo maana maboksi ya wanaoanza hubana mno: wamesikia mistari hukutana, basi wanaikutanisha palepale, na kiberiti kinatoka kikiwa kikubwa kama ghala la bandarini. Chora maboksi mengi ambayo nukta zake ziko nje kabisa ya karatasi, mbali. Yale yanayobana sana yachore machache, ukijua unachora kitu kikubwa au kitu kilichosogezwa hadi puani.

Ukitaka kulithibitisha kwa simu, piga kiberiti picha kamera ikiwa imekaribia kukigusa, halafu rudi nyuma hatua mbili ukuze picha. Kiberiti ni kilekile, mistari imebadilika. Umbali ndio uliofanya kazi hiyo.

Maboksi matano kwa ukurasa wa A4 yanatosha. Yakiwa madogo mno rula haina cha kushika.

Ukurasa ukiisha, usigeuze mwingine. Chukua kalamu tatu za rangi. Familia ya kwanza ipe nyekundu, ya pili bluu, ya tatu kijani. Kwa kila mstari weka rula uurefushe kutoka kwenye ile kona ya Y kwenda mbali nawe. Mwelekeo ni muhimu. Watu hurefusha upande ulio na nafasi kwenye karatasi, na wakirefusha kuja upande wao mistari inatawanyika, nao wanadhani wamekosea kumbe wamekagua kinyume. Chukua sasa kile kiberiti cha mwanzo ukifanyie hivyohivyo. Kama hukuchora mistari yake ya nyuma, iongeze kwanza.

Kinachoonekana kina lugha yake, na ndicho hasa cha kujifunza kusoma. Ukikuta mistari minne imejigawa wawili wawili, jozi hii inakutana hapa na jozi ile kule, ujue ulikuwa unachora upande mmoja mmoja. Uliupatanisha ukingo na jirani yake, ukasahau familia. Kosa hili ndilo la kawaida kuliko yote, na dawa yake ni kupunguza mwendo kabla ya mstari wa tatu.

Ukikuta watatu wanapatana na mmoja anakwenda zake, mara nyingi huyo mmoja ni wa nyuma, aliyefichika. Na mara nyingi hana hatia. Yeye alichorwa mwisho, akakuta kona zimeshakosewa na wenzake, akalazimika kufika kwenye kona ambayo haiko mahali pake. Ile mistari mitatu ya nyuma ikikataa kukutana sehemu moja ikaacha pembetatu ndogo, usiitibu kona ya nyuma. Rudi mbele, kwenye ile mistari sita ya katikati, umtafute aliyeanza kukengeuka.

Ikiwa mistari inaachana kadiri inavyokwenda mbali, yaani upande wa nyuma wa boksi ni mkubwa kuliko wa mbele, hapo jicho limesahau boksi na kuchora karatasi. Hutokea zaidi kwa familia ya kimo, kwa kuwa tumezoea ukuta kusimama wima na mkono unaogopa kuuinamisha. Katika kuogopa huko unaufungulia nje. Ikiwa mistari iko sambamba kabisa, hilo si dhambi. Mafundi wa michoro ya kiufundi huichora hivyo kwa makusudi katika mchoro wa isometriki, wenye mistari ya nyuzi 30, kwa sababu wanataka vipimo vibaki vilevile mbele na nyuma. Lakini kama ulikusudia perspektivu ukatoa isometriki, umekosea kwa upole.

Kuna kosa lingine linalochanganywa na haya. Mstari unaweza kuwa umelenga sawa ila umepinda, au umenyooka vizuri ila umelenga kusiko. La kwanza ni kosa la mkono, la pili ni la jicho. La mkono huisha kwa kupitisha kalamu hewani na kutumia bega. La jicho haliishi kwa mkono hata ukichora mistari elfu. Ukikagua, andika kando ya boksi ni lipi.

Kisha andika. Chini ya ukurasa weka tarehe na sentensi moja, si mbili: "Kijani kinagawanyika wawili wawili kwenye maboksi matatu kati ya matano." Ukurasa unaofuata una kazi moja tu, ya kijani. Nyekundu ikiharibika kwa sababu ulikuwa unaangalia kijani, iache iharibike. Na boksi lililokosewa usilichore upya ili lipate kusafishika. Limeshatoa ushahidi wake.

Wanaojifunza wenyewe wana zoezi maarufu la maboksi 250. Kwa matano kwa ukurasa ni kurasa 50. Namba yenyewe haina uganga wowote, ila ni kubwa ya kutosha kukuzuia usitegemee bahati, na kurasa 50 zenye tarehe zinaonyesha kitu ambacho boksi moja haliwezi kuonyesha. Sharti ni moja tu: usichore hamsini ndipo ukague. Kurasa mbili kwa siku zilizokaguliwa zinashinda kumi za Jumapili moja.

Mistari ya rangi itakuambia mengi, lakini haitakuambia yote. Haikuambii kwamba maboksi yako yote yameelekea kushoto, kwamba hujawahi kuchora lililo juu ya kichwa, kwamba yote yana umbo la kiberiti na hakuna hata moja refu kama mbao au bapa kama kitabu. Hapo unahitaji jicho la mtu mwingine.

Si lazima awe msanii. Mwalimu wa michoro ya kiufundi anafaa, fundi seremala anayechorea wateja kabati kabla ya kulitengeneza anafaa sana, na rafiki asiyejua kushika kalamu anafaa kwa kiasi chake. Cha kuangalia ni unakwenda na nini na unauliza nini. Nenda na ukurasa mzima, wenye mabaya na mazuri, na mistari ya rangi ikiwa juu yake. Anayechagua boksi lake zuri kuliko yote akalipeleka peke yake amekwenda kutafuta sifa, na atapewa.

Linganisha maombi mawili. La kwanza: "Shikamoo mwalimu, naomba uone michoro yangu, unaionaje?" Mwalimu atasema, "Marahaba. Mizuri, endelea hivyohivyo," na kikao kimefungwa. La pili: "Shikamoo mwalimu. Naomba uniangalizie hapa kwenye mistari ya kijani. Kila boksi, mmoja unakwenda zake. Naanza kuupoteza wapi?" Huyu wa pili atavutiwa kiti. Ameonyesha kwamba ameshafanya kazi yake, na swali lake lina mahali pa kushika.

Majibu yatakuja ya aina zote. "Limependeza" pokea kwa shukrani, halina cha kuandikwa. "Halijakaa sawa," au "mbona kama linaanguka?" ni majibu ya thamani hata yakitoka kwa mtu asiyejua chochote kuhusu nukta za kutokomea. Muulize, "Jicho lako linakwama wapi?" akuonyeshe kwa kidole. Mimi huliamini jicho la mtazamaji anaposema kuna tatizo, na humwekea shaka anaponiambia dawa yake. Akisema "fanya upande huu mfupi," weka alama pale alipogusa, lakini dawa itafute kwa rula. Huenda upande haukuwa mrefu; ukingo wake mmoja ndio uliolenga kusiko.

Unapokosolewa usijitetee. Ukishaanza kueleza kwamba meza ilikuwa inatikisika, mwenzako ataacha kusema la pili, na la pili ndilo huwa la kweli zaidi, kwa maana la kwanza watu hulisema kwa adabu. Andika alichosema kwa maneno yake. Watu wawili wakipingana, usichague unayempenda. Jaribu ushauri wa huyu ukurasa mmoja, wa yule ukurasa wa pili, ukague kurasa zote mbili kwa rangi zilezile. Na ushauri ukizidi mambo matatu, chukua moja. Mengine yatakusubiri, hayaozi.

Siku nyingine kaa upande wa pili wa meza. Kukagua maboksi ya mwenzako kunafundisha upesi kuliko kukagua yako, kwa sababu kosa la mwenzako hujalizoea. Weka karatasi nyembamba juu ya mchoro wake uchore hapo. Usiandike juu ya kazi ya mtu. Mwambie mahali, si tabia: "mstari huu na huu inaachana," wala si "wewe huwa huna subira."

Ukikosa mtu, kuna kioo cha kujitazamia. Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji waitazame kazi yao kwenye kioo, kwani ikigeuzwa huonekana kama ya mtu mwingine na makosa yake hujitokeza. Siku hizi simu inaweza kuigeuza picha kushoto kulia. Kuupindua ukurasa juu chini nako kunasaidia, na kulala usiku mmoja kabla ya kuutazama tena kunasaidia zaidi.

Nifungue mabano hapa, maana wapo watakaochukulia haya yote kama sheria ya picha nzuri. Siyo. Uchoraji wa Tingatinga, ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwaka 1968, hujaza ubao kwa ndege na wanyama wa rangi bapa zisizo na nukta yoyote ya kutokomea, na hakuna anayehisi pengo. Perspektivu ni chombo cha kazi fulani: kumwonyesha mteja kabati litakavyokaa, kumweka mtu ndani ya chumba kwenye kibonzo, kuchora mtaa ukaonekana unaweza kuupita. Mwenye kuihitaji aijue sawasawa. Asiyeihitaji asibabaike.

Mistari ya familia zako ikianza kukutana bila kulazimishwa, acha maboksi matupu uyape kazi. Chora mishazari miwili kwenye upande mmoja wa boksi, kutoka kona hadi kona: inapokatana ndipo katikati ya upande ule kwa perspektivu, ambako si katikati kwa rula. Hapo ndipo utaweka mlango wa kabati, swichi ya redio, dirisha la daladala. Kisha weka maboksi mawili yanayogusana, halafu moja juu ya jingine likiwa limegeuzwa kidogo. Utaona kwamba lililogeuzwa lina nukta zake lenyewe, ila yote mawili, yakiwa yamekaa bapa, yanashiriki upeo uleule wa macho. Ukitaka mtihani wa kweli wa hilo, nenda Mji Mkongwe wa Zanzibar ukachore kichochoro. Nyumba hazikupangwa kwa mstari, kila ukuta umegeukia upande wake, kwa hiyo kila mmoja una nukta yake. Lakini zote ziko kwenye upeo mmoja, ulio usawa wa macho yako uliposimama. Chora upeo huo kwanza, hata kama umefichwa na kuta.

Baada ya hapo chora kontena lenye milango iliyo wazi nusu. Kingo za juu na za chini za mlango haziko tena kwenye familia yoyote kati ya zile tatu, kwa kuwa mlango umezunguka kwenye bawaba. Una nukta yake, na kila ukiufungua zaidi nukta hiyo inahama kwenye upeo. Bawaba zenyewe ni za familia ya kimo, hazibadiliki, anza nazo. Chora mlango huo ukiwa wazi kidogo, ukiwa nusu, na ukiwa umefunguka kabisa, michoro mitatu kwenye ukurasa mmoja, kisha chukua kalamu ya rangi ya nne.